Jasusi Ndani ya Ngozi ya Mwizi: Mwongozo Kamili kwa Wachezaji wa Falme Mezani

Wengi wanaoingiza jasusi katika mchezo wa falme za kubuni hukwama palepale. Zamu ya 3 haijaisha, meza nzima imeshamjua. Au hajulikani kabisa lakini hana kazi, anazungukazunguka pembeni hadi mchezo unaisha. Au, mbaya kuliko yote, mwenye jasusi anageuza maneno katikati ya safari, "huyu siye, ni yule," na jioni inaishia kwenye ugomvi.

Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo moja: jasusi anayejifanya mwizi, katika mchezo wa ubao wa watu 2, unaotengenezwa kwa mkono kwa vitu vya soko la Kadutu hapa Bukavu au vya nyumbani. Hauhitaji umeme, intaneti wala mwamuzi; kanuni za vita na za kushinda zinabaki zile za mchezo wenu. Umeme ukikatika saa mbili usiku pale Ibanda au Bagira, washa tochi ya simu uendelee.

Shika neno moja kabla ya kukata kartoni. Jasusi wako lazima aibe kweli. Mwizi wa uongo ambaye haibi hujulikana haraka, kwa sababu wezi wenzake wanaiba na yeye anatazama. Ndiyo maana kanuni zote hapa chini zimejengwa hivi: wizi ndio unaomlipa jasusi, na asipoiba hana habari yoyote ya kupeleka.

Vitu vinavyohitajika

Kusanya vyote kwanza. Ukianza na nusu, utabadilisha kanuni ili zifuate vitu ulivyokosa, na mchezo utaharibika.

- Kartoni ngumu 1 ya ubao, isiyopungua sentimita 50 kwa 35. Ubavu wa boksi la sabuni au la mafuta unatosha.
- Kartoni nyembamba ya maboksi ya biskuti, kwa ajili ya kadi. Zote ziwe za aina moja na rangi moja.
- Karatasi 4 za dupilikateri za A4: mbili za bahasha, mbili za kuandikia.
- Dadu 2.
- Vizibo vya soda 22: kwa kila mchezaji, 8 vya vikosi na 3 vya wezi. Vya mchezaji mmoja vipake rangi, vya mwingine viache.
- Punje 100 za maharagwe makavu. Hizo ndizo pesa.
- Biki 2 za rangi tofauti, kalamu ya risasi, rula, makasi, kole, skochi.
- Kaye (madaftari) 2 kubwa za kusimamisha wima kama ukuta, kila mmoja afiche mambo yake nyuma yake.

Ukikosa dadu, tumia vikaratasi, lakini sikiliza vizuri hapa maana wengi huharibu. Weka vikaratasi 6 vyenye namba 1 hadi 6 kwenye kikombe kimoja, na vingine 6 kwenye kikombe cha pili. Chota kimoja kila kikombe, jumlisha, kisha rudisha. Usitengeneze kikombe kimoja chenye namba 2 hadi 12. Inaonekana ni kitu kilekile, lakini sivyo. Kwa dadu 2, mwizi hukamatwa mara 6 katika 36, yaani asilimia 17. Kwa kikombe kimoja cha 2 hadi 12, hukamatwa mara 3 katika 11, asilimia 27. Jasusi hatadumu.

Hatua ya 1: Ubao

Chora vyumba kama matofali ya ukuta, siyo kama ubao wa dama. Kila chumba kiwe na upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 3.5, vyumba 11 kwa mstari, mistari 9. Mstari wa pili usogeze sentimita 2 kulia, wa tatu urudishe, hivyo hivyo hadi mwisho. Utapata vyumba 99, na kila cha katikati kitagusa vingine 6. Matofali huchorwa kwa rula peke yake, hayahitaji kompasi, na hakuna ubishi wa "naweza kupita kwenye kona?"

Kila ufalme uwe na mji mkuu 1 na miji 3 yenye kuta. Ukuta humwongezea anayelinda 2 kwenye dadu la vita.

Kwa sura ya nchi, mkaaji wa Bukavu hana haja ya kutafuta mbali. Chora ziwa, kisha uingize rasi ndani yake kama zile 5 zetu. Rasi ina mlango mmoja tu wa nchi kavu, kwa hiyo mwizi anayeingia lazima apite mahali fulani na mlinzi anajua pa kumsubiri. Bila njia nyembamba za namna hiyo, wezi hupita popote na ulinzi hauna maana.

Majina, hata hivyo, yawe ya kubuni kabisa. Usiandike jina la mtaa, kilima au barabara ya kweli, na usiweke bendera wala alama ya kikundi chochote kilichopo. Ramani ya mkono yenye neno "jasusi" ikikutwa kwenye mfuko wako njiani, anayekagua hatakupa nafasi ya kueleza kanuni. Andika MCHEZO kwa herufi kubwa juu ya ubao na juu ya boksi, na kadi zibebe ndani ya boksi hilohilo, zisitenganishwe nalo. Jambo hili lichukulie kwa uzito wote.

Hatua ya 2: Vikosi

Kila mchezaji ana vikosi 8. Chini ya vizibo 5 andika nguvu: 1, 2, 2, 3, 4. Chini ya 3 vilivyobaki andika sifuri. Hivyo ni vikosi bandia. Vyote hutembea vikiwa vimefunikwa, na mwenyewe tu ndiye mwenye haki ya kuchungulia vyake.

Jasusi anaishi kwa siri hii. Kama kila kikosi kiko wazi, hana cha kupeleleza. Katika Stratego, mchezo wa ubao wa vita, kila upande una vipande 40 vilivyofichwa, na jasusi 1 anayemwangusha jemadari mkuu endapo yeye ndiye aliyeanza kushambulia. Huku tunafanya kingine: jasusi wetu hapigani. Kazi yake ni kuona, na ikibidi, kufungua lango.

Hatua ya 3: Kadi za utambulisho

Kata kadi 8 za sentimita 7 kwa 10 (6 za mchezo, 2 za akiba). Kunja kila moja katikati iwe 7 kwa 5, upande wa kuandikia ukiwa ndani.

Ndani ya kila kadi andika maneno yote mawili, MWIZI na JASUSI, kwa ukubwa sawa. Kisha kata mstari juu ya neno moja. Kwa kila ufalme: kadi 2 zibaki na MWIZI, kadi 1 ibaki na JASUSI.

Ukiandika neno moja tu, JASUSI lina herufi 6 na MWIZI 5, na kartoni ya biskuti ni laini, hivyo kidole chepesi kinahisi mikwaruzo kwa nyuma. Kwa sababu hiyohiyo tumia kalamu ya risasi, usikandamize na biki. Ukifanya sawasawa, kadi zote 3 zikiwekwa kifudifudi, hata wewe uliyeziandika huwezi kuzitofautisha. Changanya ujaribu. Kama bado unaitambua moja kwa kona iliyokatwa vibaya, kata mpya.

Hatua ya 4: Bahasha na sahihi

Hapa ndipo ugomvi wote huzaliwa au hufa, kwa hiyo usiharakishe.

Kata karatasi 2 za A4 katika robo. Utapata vipande 8 vya sentimita 10.5 kwa 14.8. Kwa kila kipande, kunja sentimita 1.5 ndani kila ubavu. Kunja sentimita 5.5 za chini kwenda juu, paka kole kwenye mbavu, ubandike. Kitabaki kifuniko cha sentimita 3.8 juu. Mfuko wa ndani ni mpana wa 7.5 na kadi ni ya 7, inaingia bila kukwama. Andika namba 1, 2 na 3 juu ya bahasha za kila ufalme, na namba hizohizo juu ya vizibo vya wezi.

Usichague mwenyewe jasusi awe namba ngapi. Mtu akichagua, mara nyingi hukimbilia ya katikati, na rafiki anayekujua atakisia. Nyuma ya kaye yako, piga dadu moja: 1 au 2, jasusi ni namba 1, 3 au 4, ni namba 2, 5 au 6, ni namba 3. Ukipiga, angalia, tia kadi, funika.

Kisha mpe mpinzani wako bahasha zote 3 zikiwa zimefungwa. Yeye ndiye anatia sahihi, nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya mwili wa bahasha, kwa biki ya rangi yake. Juu ya sahihi bandika kipande cha skochi. Bahasha ikifunguliwa kwa siri, sahihi inapasuka au skochi inanyanyua karatasi. Bahasha zote 6 zikae katikati ya meza, machoni pa watu, hadi mwisho.

Jaribu kwanza kumulika moja kwa tochi ya simu. Ukiona kivuli cha maandishi, kadi ilikunjwa kinyume.

Hatua ya 5: Kuiba

Kila mmoja anaanza na maharagwe 20. 60 zilizobaki ni za benki. Kila zamu unapokea 1 kwa kila mji ulio nao, mji mkuu ukiwemo. Mchezo ni zamu 15.

Ndani ya zamu yako mambo yafuate mpangilio huu, bila kubadilisha: kutembea, kuiba, kuvua ngozi (kumfichua jasusi wako mwenyewe, tazama hatua ya 7), kupigana, kupokea mapato.

Mwizi hutembea vyumba 2 kwa zamu. Akiwa jirani na mji wa adui, anaweza kujaribu kuiba mara 1. Piga dadu 2:

- 8 au zaidi: anachukua maharagwe 2 ya adui, na anapata alama 1.
- 5, 6 au 7: hakupata kitu, hakukamatwa.
- 4 au chini: amekamatwa.

Hesabu zake ni nzuri sana kuzijua. Kufaulu ni mara 15 katika 36, kukosa ni 15 katika 36, kukamatwa ni 6 katika 36.

Kikosi chochote cha adui kilicho ndani ya mji au jirani nao ni mlinzi, na kila mlinzi anapunguza 1 kwenye dadu, mwisho ni kupunguza 2. Kikosi bandia nacho kinahesabiwa. Kisingehesabiwa, mwenyewe angelazimika kutangaza "hicho hakilindi," na siri ingevuja kabla jasusi hajafanya kazi.

Alama huandikwa hadharani. Chukua karatasi moja, gawa safu 6 kwa wezi wote 6, kila wizi uliofaulu chora kijiti kimoja, na mpinzani atazame ukichora. Mwizi wa kawaida naye anapata alama ingawa hazitamsaidia kitu. Ukiziandika za jasusi peke yake, umemtaja.

Hatua ya 6: Akikamatwa

Aliyekamata ana njia 2 tu, na achague hapohapo.

Njia ya kwanza, fidia. Mwenye mwizi akilipa maharagwe 2, mwizi anarudi mji wake mkuu pamoja na alama zake. Akikataa, mwizi anakaa nje ya ubao zamu 3 na alama zote zinafutwa.

Njia ya pili, hukumu ya ujasusi. Aliyekamata anafungua bahasha ya namba hiyo mbele ya wote. Akiwa jasusi kweli, anatolewa mchezoni na mwenyewe analipa maharagwe 5. Akiwa mwizi tu, mhukumu ndiye anayelipa 3, na mwizi anarudi kwao bure.

Namba hizi hazikuokotwa. Bahasha 3 zikiwa bado zimefungwa, jasusi ni 1 katika 3. Ukihukumu ovyo mara tatu, unatarajia kupata 5 mara moja na kupoteza 3 mara mbili, hasara ya punje 1. Bahasha moja ya mwizi ikishafunguka, zimebaki 2, na hukumu sasa inaanza kulipa: 5 kwa 3. Kwa hiyo mtu ana sababu ya kusubiri mwanzoni na sababu ya kuthubutu baadaye. Ukiweka wezi 2 tu kwa ufalme, hukumu inalipa tangu siku ya kwanza na hakuna atakayeomba fidia. Ukiweka 4, kuhukumu kunakuwa hasara kubwa kiasi kwamba jasusi anatembea kama yuko kwao. Bakia kwenye 3.

Hatua ya 7: Kuvua ngozi

Katika zamu yako yoyote, baada ya kuiba na kabla ya kupigana, unaweza kufungua bahasha ya jasusi wako mwenyewe. Chagua moja:

1. Kuona. Kwa kila alama aliyo nayo, funua kikosi 1 cha adui kilicho ndani ya vyumba 3 kutoka alipo. Mwisho ni vikosi 3. Vinabaki wazi hadi zamu yako iishe.
2. Kufungua lango. Akiwa na alama 3, na yuko jirani na mji, ukuta wa mji huo hauhesabiwi zamu hii.

Kisha anatoka mchezoni. Hana pa kujificha tena.

Swali linalowasumbua wengi ni lini. Mwizi ana siku 40, jasusi wa mchezo huu ana chache zaidi. Katika mji usio na mlinzi, uwezekano wa kufikisha alama 2 kabla ya kukamatwa mara ya kwanza ni 25 katika 49, yaani nusu na chembe. Alama 3 unashuka hadi 125 katika 343, asilimia 36. Weka mlinzi mmoja na picha inageuka: kufaulu mara 10 katika 36, kukamatwa mara 10 katika 36, alama 3 bila kukamatwa ni 1 katika 8.

Ushauri wangu ni huu. Lenga alama 2. Majaribio yanayohitajika kwa wastani ni karibu 5, ongeza zamu 3 au 4 za safari, kwa hiyo ngozi inavuliwa kwenye zamu ya 9 au ya 10. Alama ya tatu ifuate tu kama jeshi lako limeshafika karibu na mji wenye ukuta na huna nguvu ya kuuvunja. Anayeng'ang'ania alama 3 kwa kila hali huishia kulipa fidia mara mbili, na jasusi anarudi mji mkuu wakati vita vinaamuliwa upande wa pili.

Kosa kubwa hapa ni kuvua ngozi wakati jeshi liko mbali. Vikosi unavyofunua vinafunikwa tena zamu ikiisha, adui anavichanganya kwa kutembea, na ulichonunua kwa zamu 9 kimepotea. Vikosi vyako viwe jirani na adui kabla hujagusa bahasha. Ukifanya vizuri utaona hivi: unafunua viwili, kimoja ni sifuri, unapita pale pale kwenye sifuri, na adui hana zamu ya kuziba tundu.

Hatua ya 8: Tabia za mkono na uso

Kanuni zinaweza kuwa safi na jasusi akajulikana bado, kwa sababu mwenyewe anamtaja kwa mwili wake. Haya ndiyo yanayomfichua, na dawa zake.

*Mpangilio.* Tembeza na kuibia wezi kwa namba: 1, 2, 3, kila zamu. Anayemwacha jasusi mwisho ili "afikirie vizuri" ameshasema.

*Muda.* Jasusi humfanya mtu asimame kidogo kabla ya kupiga dadu. Hesabu hadi 5 moyoni kwa kila mwizi, hata yule usiyemjali.

*Fidia.* Hii ndiyo inayoua wengi. Mwizi wa kawaida akikamatwa, mwenyewe anasema "aende jela." Jasusi akikamatwa, maharagwe yanatoka mfukoni kabla hajaombwa. Amua kabla ya mchezo: nitalipa kwa mwizi yeyote mwenye alama 1 au zaidi, sitalipa kwa asiye na alama. Kisha ushike neno hilo hata likikuuma.

*Usalama.* Usimpeleke jasusi kwenye mji usio na mlinzi huku wengine ukiwatupa kwenye walinzi wawili. Gawa hatari sawasawa katika zamu 4 za mwanzo.

*Furaha.* Mwizi wa kawaida akifaulu, furahi sawa na jasusi akifaulu. Mwizi wa kawaida mwenye alama 3 ni silaha kubwa: adui hawezi kulala, na akimhukumu, analipa 3 na mwizi anarudi kwao salama. Mlinde kama yai. Wakati mwingine yeye anafanya kazi kuliko jasusi mwenyewe, kwa sababu adui anavuta vikosi 2 kulinda mji wake dhidi ya mtu ambaye hana siri yoyote.

Upande wa pili: ukiwa ndiye unayelinda

Weka vikosi bandia kama walinzi wa miji ya nyuma. Vinapunguza dadu la mwizi sawa na vya kweli, na vikosi vya nguvu vinabaki huru kupigana.

Tazama alama, siyo sura. Mwizi asiye na alama hana madhara hata kama ni jasusi. Akikamatwa, omba fidia. Mwenye alama 2 aliye ndani ya vyumba 3 kutoka kwenye vikosi vyako vikubwa, huku jeshi la adui likisogea, huyo mhukumu hata ikikugharimu 3. Punje 3 ni chini ya mapato ya zamu moja ukiwa na miji yako yote 4.

Hatua ya 9: Majaribio kabla ya mchezo wa kweli

Chezeni duru 6 fupi za zamu 6 kila moja, bila vikosi, wezi na bahasha tu. Mwisho wa kila duru mpinzani ataje namba ya jasusi wako, kisha fungueni.

Akikisia tu, atapata mara 2 katika 6. Akipata 4 au zaidi, usiseme ni bahati. Bahati tupu hufika hapo mara 1 katika 10. Kuna kitu unakitoa. Mwombe akwambie aliona nini, maana mara nyingi anajua. Rudi kwenye hatua ya 8, rekebisha hicho kimoja, jaribuni tena.

Bahasha za majaribio usizitumie kwenye mchezo wa kweli. Zimeshachanika na zina alama.

Matatizo na tiba

*Bahasha imechanika kidogo na hakuna anayejua ilikuwaje.* Simamisheni mchezo. Mwenyewe achukue kadi zake zote 3, apige dadu la siri upya, atie bahasha mpya, mpinzani asaini tena. Alama za wezi wake wote zinapungua 1. Adhabu hii ni ndogo ya kutosha kwamba mtu anakubali bila kelele, na kubwa ya kutosha kwamba hachani kwa makusudi.

*Mwisho wa mchezo zinafunguliwa bahasha na hakuna jasusi, au wako wawili.* Aliyefanya hivyo ameshindwa, hata kama ana miji yote. Fungueni bahasha zote 6 kila mara, hata ushindi ukiwa dhahiri. Usipofungua mara moja tu, mchezo unaofuata hakuna atakayeamini sahihi.

*Dadu limeanguka chini ya meza.* Lirudiwe. Lisihesabiwe hata likiwa limesimama vizuri.

*Wezi wote wanakamatwa mapema.* Angalia kama mnapunguza 1 kwa kila kikosi bila kikomo. Kikomo ni 2. Ikiwa kikomo kinafuatwa, basi walinzi ni wengi mno mahali pamoja, na miji mingine iko wazi. Wezi wahamie huko.

*Hakuna anayehukumu kamwe.* Wachezaji wanaogopa ile 3. Ipunguzeni iwe 2 kwa michezo 2 ya kwanza, wakizoea irudi 3.

*Maharagwe yanapotea.* Hesabuni yote 100 mwanzoni na mwisho. Kama kuna watoto nyumbani, tumieni vifungo vya nguo.

*Mnataka kucheza watu 3.* Bahasha ziwe 9, maharagwe 150, na karatasi ya alama igawe safu kwa kila mwizi katika kila ufalme anaoibia. Alama zilizopatikana kwa ufalme mmoja hazifunui vikosi vya mwingine. Sahihi ya kila bahasha iwe ya mchezaji aliyeketi kushoto kwa mwenyewe.